Namna ya kulimaliza deni la familia na kuanza kujijenga kwa miaka ijayo

Deni la familia mara nyingi halikui kwa sababu watu hawajui hesabu, linakua kwa sababu hakuna hata mmoja ndani ya nyumba anayeliona lote. Baba anajua mkopo wa benki na hela aliyochukua kwa mwenzake kazini, mama anajua la kwenye kikundi na ile mikopo miwili ya kwenye simu ambayo hajamwambia mtu, kijana mkubwa naye kashajifungulia ya kwake, alafu kila mmoja anapiga hesabu kichwani anaona mbona hali sio mbaya kivile. Mkija kujumlisha ndio mnakuta marejesho ya mwezi yanakula nusu ya kipato. Kwa hiyo haya yote ninayoandika hapa yamesimama kwenye kitu kimoja tu, daftari moja lenye kila kitu, ambalo watu wazima wote wa nyumba wanalifungua. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye deni ndio zaidi, maana anayekudai yeye daftari lake analo na hasahau.

Siku ya kuleta kila kitu mezani

Chagueni siku ambayo hamjatoka kugombana na hamna haraka ya kwenda popote. Sheria ya hicho kikao ni moja, siku hiyo hakuna kuulizana ulikopa ya nini. Hilo swali lina siku yake. Ukiliuliza siku ya kwanza mwenzako atakutajia matatu atabakiza moja, na lile linalobakizwa ndio huwa lenye riba mbaya kuliko yote, kwa sababu mtu anaficha kile anachokionea aibu.

Daftari liwe la karatasi au Eksel au hata noti kwenye simu, haijalishi, mradi ni moja. Kila deni mstari wake: nani anadai, kimebaki kiasi gani LEO (sio mlichokopa mwanzoni), riba ni asilimia ngapi na ni ya mwezi au ya mwaka maana hapo watu wanachanganya sana, tarehe ya rejesho, kuna kitu gani kimewekwa dhamana, nani kadhamini, na nini kinatokea mkichelewa. Hiyo ya mwisho watu wengi wanairuka na ndio ya maana kuliko zote, tutaona mbele. Kama hujui kilichobaki usikisie, omba taarifa ya mkopo kwa anayekudai na umuulize maswali mawili tofauti, nimebakiza kiasi gani, na nikitaka kumaliza leo natakiwa kulipa kiasi gani. Majibu yanaweza kutofautiana, kwa sababu kuna mikopo ukimaliza mapema riba ya mbele inafutwa, na kuna mingine unapigwa faini ya kumaliza mapema.

Madeni ya ndugu na marafiki nayo yaingie. Watu wanayaacha nje eti hayana riba. Hayana riba lakini yanavunja undugu, na yule ndugu ndio mtamkimbilia siku mtoto akilazwa.

Na hela ambazo nyie mnawadai watu? Ziandikeni ukurasa wa nyuma kabisa na msizihesabu popote. Ikirudi ni vizuri, isiporudi bajeti haijaanguka.

Alafu chukueni miamala ya miezi mitatu iliyopita, ya benki na ya simu, mpitie mstari kwa mstari. Hapa sihitaji kueleza sana, mtashangaa wenyewe. Kama kipato chenu sio cha mshahara, leo mnapata kesho hampati, angalieni miezi 12 iliyopita mchukue ule mwezi mbaya kuliko yote, ndio muupangie bajeti kana kwamba kila mwezi utakuwa hivyo. Mwezi ukiwa mzuri ile ziada inajua kwa kwenda, kwenye deni au kwenye akiba, badala ya kuja kutafuta matumizi yenyewe.

Elewa riba kabla hujalipa hata senti

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo hela nyingi za familia zinapotelea na mkopeshaji hana sababu ya kukufafanulia.

Kuna riba ya flati na kuna riba ya salio linalopungua. Chukua mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12, wote wameandika 20% kwa mwaka. Wa flati anapiga 20% ya mkopo wote, 240,000, anajumlisha anagawa kwa 12, unalipa 120,000 kila mwezi. Wa salio linalopungua anakutoza kwa kile kilichobaki tu, rejesho linakuja kama 111,160 na riba yote kwa mwaka haifiki 134,000. Asilimia ni ile ile kwenye tangazo lakini mmoja amekutoza zaidi ya laki moja juu. Sababu ni kwamba kwenye flati unaendelea kulipia riba hela ambayo ulisharudisha, mwezi wa kumi na moja umebakiza kidogo sana lakini unatozwa kama vile bado una mkopo mzima mfukoni. Ile 20% ya flati ukiigeuza iwe ya salio linalopungua ni karibu 35% kwa mwaka. Kwa hiyo ukiambiwa riba swali la kwanza ni flati au inapungua, na kama anayekukopesha anazunguka zunguka hapo, jibu umeshapata.

Pili ni riba ya mwezi. 10% kwa mwezi inasikika kama kitu kidogo, elfu kumi kwenye laki, nani atashindwa. Ila hiyo ni 120% kwa mwaka, na kama unashindwa kulipa unaongezewa muda na riba inapandishwa juu ya deni, ile laki moja baada ya miezi 12 imekuwa kama 313,800. Hii ndio ile mikopo mtaani inaitwa kausha damu, na jina halijakosewa.

Angalia pia makato ya mwanzo. Umeomba 10,000 ya siku 30, ada ni 8% na inakatwa hapo hapo, unaingiziwa 9,200 na unarudisha 10,000. Wewe umelipa 800 kwa kutumia 9,200, sio 10,000, hiyo ni 8.7% kwa mwezi mmoja. Kwenye daftari andika kile kilichoingia mkononi na kile unachorudisha, asilimia waliyoandika wao waachie wenyewe.

Na kwa wenye kadi za mkopo, kile kiwango cha chini wanachokuambia ulipe kwa mwezi sio huruma. Tuseme unadaiwa 100,000, riba 2% kwa mwezi, na kiwango cha chini ni 3% ya salio. Katika hiyo 3% mbili zimeenda kwenye riba, moja tu ndio imepunguza deni. Ukilipa hivyo bila kukosa na bila kuitumia tena kadi, baada ya miaka 5 mizima bado unadaiwa kama 55,000. Miaka mitano!

Kwa wale ambao dini haiwaruhusu riba, benki za Kiislamu zina utaratibu kama wa murabaha, benki inanunua kitu alafu inakuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa tangu mwanzo na unalipa kidogo kidogo. Bei haipandi njiani, ambayo ni nafuu kubwa, ila ni deni kama madeni mengine na liingie kwenye daftari.

Nani alipwe kwanza

Watu wengi wanamlipa kwanza anayepiga simu sana. Mtu anatuma meseji za vitisho kila siku kwa deni la elfu ishirini, anapewa, huku kodi ya nyumba imelala mwezi wa pili kwa sababu mwenye nyumba ni mstaarabu. Mpangilio usiwe wa kelele.

Rudi kwenye ile safu ya "tukichelewa nini kinatokea". Madeni ambayo yakilala mnapoteza paa, au kitu kinachowaingizia kipato, au mnakatiwa huduma msizoweza kuishi bila, hayo ndio ya kwanza hata kama riba yake ni ndogo. Mkopo uliowekewa nyumba dhamana, kodi ya pango, kodi ya serikali, chombo cha biashara kilichokopewa. Haya yalipwe rejesho lake kamili kwa wakati kila mwezi, hakuna mjadala.

Madeni mengine yote yapewe kile kiwango cha chini kisichoanzisha faini. Kitakachobaki, hata kiwe kidogo namna gani, chote kiende kwenye deni MOJA. Hapa kuna shule mbili. Ya kwanza inasema anza na lenye riba kubwa, na kihesabu hii ndio inaokoa hela nyingi. Ya pili inasema anza na dogo kuliko yote ulimalize, ufute mstari, upate nguvu ya kuendelea. Mimi maoni yangu ni haya: kama kuna deni lolote lenye riba ya kila mwezi kama ile ya 10% hapo juu, hakuna cha kujadili, lianze hilo, linakua haraka kuliko mnavyoweza kukimbia. Likishaondoka na yaliyobaki riba zake zinakaribiana, anzeni na dogo, kwa sababu familia inahitaji kuona mstari umefutwa, watoto wakubwa waone, la sivyo mwezi wa nne kila mtu ameshachoka kujinyima.

Sasa ujanja wenyewe uko hapa: deni likiisha, rejesho lake lisirudi kwenye matumizi. Mlikuwa mnalipa 15,000 kwa deni la kwanza na 25,000 kwa la pili, la kwanza likifa la pili linaanza kupokea 40,000. Likifa na hilo, 40,000 yote inahamia la tatu juu ya rejesho lake. Kiwango mnachotoa kwa mwezi hakibadiliki mpaka deni la mwisho, ndio maana mwishoni yanaanguka kwa kasi. Familia zinazokwama njiani wengi wao wanakwamia hapa, deni moja limeisha, wanapumua, wanafungua lingine.

Ila kabla hamjaanza hata hilo la kwanza, wekeni pembeni akiba ndogo kwanza, ya matumizi ya lazima ya wiki mbili au mwezi. Najua inauma kukalia hela huku riba inasoma. Lakini bila hiyo, kitu kidogo kikiharibika mnarudi kwenye simu kukopa tena, na daftari linapata mstari mpya wakati mnafuta wa zamani.

Ukiona huwezi, ongea kabla tarehe haijapita

Mtu akiona rejesho halipo anazima simu, kosa kubwa. Anayekudai akikuona kabla ya tarehe wewe ni mteja mwenye shida, akikutafuta baada ya tarehe wewe ni mkimbizi, na hata makaratasi wanayojaza ni tofauti. Nenda na namba, sio na machozi: kipato chetu ni hiki, lazima zinazotutoka ni hizi, tunaweza kutoa kiasi hiki kila mwezi kuanzia tarehe fulani. Usiahidi usichoweza ili tu uonekane mwema, ahadi ya pili ukiivunja hawakusikilizi tena.

Watakupa kuongezewa muda. Inaweza kukuokoa ila jua bei yake. Ule mkopo wa 1,200,000 wa 20% inayopungua, ukiusogeza kutoka miezi 12 kwenda 24, rejesho linashuka kutoka 111,160 hadi kama 61,000, lakini riba yote inapanda kutoka 134,000 hadi karibu 266,000, yaani mara mbili. Kubali kama bila hivyo mnazama, na hali ikitulia lipeni zaidi ya kilichoandikwa, muwe mmeshauliza kwamba ziada inapunguza deni lenyewe na hakuna faini ya kumaliza mapema.

Kuunganisha madeni yote kuwa mkopo mmoja nako ni vivyo hivyo, kunafaa kama riba ya huo mpya ni ndogo kweli kweli ukijumlisha ada zote, NA zile njia za zamani zimefungwa. Kufungwa maana yake apu zimefutwa, kadi imekatwa, limiti ya kukopa imefutwa. Usipofunga, baada ya mwaka una huo mkopo mkubwa na vile vidogo vyote vimerudi.

Makubaliano yoyote yaandikwe, hata meseji inatosha kuliko maneno ya simu. Na ukimaliza deni usiondoke na furaha tu, ondoka na barua inayosema hudaiwi, hakikisha umerudishiwa hati uliyoweka dhamana, na baada ya muda hakikisha kwenye taasisi za taarifa za mikopo jina lako limesafishwa. Kuna watu wananyimwa mkopo wa nyumba kwa sababu ya kideni cha zamani walichokwishalipa ambacho hakuna aliyekifuta.

Ndugu, marafiki, na ile sahihi ya udhamini

Nianze na udhamini. Kusaini kumdhamini mtu sio kumtolea ushahidi kwamba ana tabia njema. Ni kukubali kwamba asipolipa yeye unalipa wewe, na mara nyingi anayedai hana hata haja ya kumaliza kumfuata yeye kwanza. Kwa hiyo udhamini wowote mliosaini uingie kwenye daftari, kiasi chote, kama deni linalosinzia. Na sheria ya nyumba iwe hakuna anayesaini kumdhamini mtu bila mwenzake kujua. Ukiombwa, jiulize kitu kimoja, hiki kiasi ningeweza kukilipa mimi bila kuuza kitu? Kama hapana basi na sahihi ni hapana.

Kusaidia ndugu ni kitu ambacho hakitaisha na sidhani kama kinatakiwa kuisha, ila kiwe na fungu lake. Kila mwezi kuna kiasi fulani kimetengwa, kikiisha kimeisha mpaka mwezi ujao, na mke na mume wote wanalijua hilo jibu ili ndugu asikataliwe mlango huu akaenda mlango wa pili. Mtu akiomba kukopa kikubwa, toa kidogo ambacho hutakidai. "Kaka, hiyo uliyosema sina, ila hii ninayo, chukua na sikudai." Inaisha hapo, hakuna kukwepana kwenye misiba. Kama ni lazima kumkopesha, andikeni kiasi na tarehe, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja, maana baada ya mwaka kila mtu anakumbuka namba yake.

Na sisi wenyewe tukidaiwa na ndugu, tumpe ratiba. Kidogo kila mwezi bila kukosa kinamheshimu kuliko "nikipata nitakupa".

Akiba ya dharura na zile dharura za uongo

Kabla ya kusema dharura, tuondoe zile ambazo sio. Ada ya shule sio dharura, tarehe yake mnaijua tangu mwaka jana. Bima ya gari, kodi ya miezi sita, sikukuu, matengenezo, zote zina tarehe. Jumlisheni zote za mwaka gawanyeni kwa 12, hiyo namba itolewe kila mwezi kwenye akaunti yake. Hiki kitu kimoja peke yake kinaua mikopo mingi sana, maana ukifuatilia daftari utakuta deni la mwezi wa kwanza ni lile lile kila mwaka na sababu ni ile ile.

Dharura ya kweli ni kazi kuisha, ugonjwa, kifo. Hiyo ndio madeni makali yakishaisha mnaijengea akiba ya matumizi ya lazima ya miezi 3 mpaka 6. Wenye mshahara wawili ndani ya nyumba mitatu inaweza kutosha, wenye kipato kimoja au biashara isiyotabirika waende sita au zaidi. Iwekwe mahali ambapo unaifikia ndani ya siku moja mbili lakini sio pale pale unapolipia vitu. Faida yake itakuwa ndogo, sawa tu, kazi yake sio kuzaa.

Na bima ya afya kama inapatikana mnakoishi ichukueni mapema, maana kulazwa mara moja kwa ugonjwa mkubwa kunamaliza akiba ya miaka. Bima ya maisha inafaa kama kuna watu wanakula kwa mgongo wako, chukua ile rahisi ya muda maalumu inayolipa ukifa tu. Zile zinazochanganya bima na uwekezaji somea vizuri ada zake, mara nyingi ni ghali na ukijitoa mapema unarudishiwa kiduchu.

Sasa miaka ishirini, thelathini ijayo

Deni la mwisho likifa, ile 40,000 au 60,000 mliyokuwa mnatoa kila mwezi mmeshazoea kuishi bila yake. Msiirudishe mezani. Ndio mtaji wenu wa uzeeni.

Kuna hesabu rahisi ya 72, Luca Pacioli aliiandika kwenye kitabu chake cha hesabu kilichotoka Venice mwaka 1494, na kitabu hicho hicho ndicho kilichoeleza wafanyabiashara wanavyoweka daftari la pande mbili, kwa hiyo tuko ndani ya mada. Unachukua 72 unagawa kwa asilimia ya mwaka, unapata miaka ya hela kuwa mara mbili. Kwa 8% ni miaka 9, kwa 12% ni miaka 6. Na inafanya kazi upande wa pili pia, mfumuko wa bei ukiwa 6% kwa mwaka, hela uliyoifungia kabatini inabaki na nusu ya nguvu yake baada ya miaka 12. Ndio maana ya dharura inakaa kwenye akaunti lakini ya uzeeni lazima iwekezwe.

Muda una nguvu kuliko kiasi. Mtu anayeweka 10,000 kila mwezi kwa 8% ya mwaka, kwa miaka 20 ametoa 2,400,000 na ana kama 5,890,000. Akienda miaka 30 ametoa 3,600,000 na ana kama 14,900,000. Ile miaka kumi ya nyuma ameongeza 1,200,000 tu mfukoni lakini mfuko umeongezeka milioni tisa. Kwa hiyo kama una miaka 25 na unasubiri mshahara upande ndio uanze, anza na hicho kidogo.

Wapi? Kama mwajiri wako anachangia pensheni pale unapochangia wewe, chukua yote anayotoa, hiyo ni sehemu ya mshahara wako na wengi wanaiacha. Baada ya hapo kuna hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba kwa tarehe zinazojulikana, na kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayokusanya hisa nyingi kwa wakati mmoja. Mifuko ya aina ya faharasa, inayofuata soko lote bila meneja kuchagua chagua hisa, ilifunguliwa kwa watu wa kawaida na Vanguard ya John Bogle kule Marekani mwaka 1976, na hoja yake kubwa ilikuwa ada ndogo. Ada sio jambo dogo: ile 10,000 kwa mwezi ya miaka 30, mfuko ukikukata 2% kila mwaka ukabaki na 6% badala ya 8%, mwishoni una kama 10,045,000. Karibu milioni tano, theluthi ya mfuko wako, imepotea kwa sababu ya ada. Thamani ya hisa inapanda na kushuka kwa hiyo usiweke humo hela ya ada ya mwakani.

Unahitaji kiasi gani uzeeni? Mwaka 1994 mshauri mmoja wa fedha Marekani, William Bengen, alipiga hesabu kwa takwimu za soko la kwao akaona mstaafu anayetoa 4% ya mfuko mwaka wa kwanza alafu anaongeza kulingana na mfumuko wa bei, hela yake ilidumu miaka 30. Ukigeuza ni matumizi ya mwaka mara 25. Ni takwimu za Marekani, kwingine soko na mfumuko ni tofauti, ila kama namba ya kuanzia kufikiria inasaidia kuliko "tutaona".

Alafu wale wa faida ya haraka. Charles Ponzi kule Boston mwaka 1920 aliahidi 50% ndani ya siku 45, watu wakauza vitu vyao wakampelekea, aliyetangulia analipwa na hela ya aliyekuja nyuma, ikaanguka mwaka huo huo. Bernard Madoff yeye hakuahidi makubwa, aliahidi faida ya wastani isiyoyumba, na watu wenye elimu zao wakaingia mpaka alipokamatwa Desemba 2008. Kwa hiyo usiangalie ukubwa wa ahadi peke yake. Uliza hela inatengenezwa na nini, nani anaisimamia kisheria, na kama faida yako inategemea kuleta watu wengine, funga simu.

Kuhusu ada ya watoto dhidi ya uzee wenu, wazazi wengi wanamwaga kila kitu kwa watoto na kujiambia watoto ndio pensheni. Mimi sikubaliani. Mtoto ana miaka arobaini ya kufanya kazi mbele yake na wewe hauna, na mzazi asiye na kitu akifika miaka 65 anakuwa mzigo kwa yule yule mtoto aliyemsomesha, anayeanza maisha yake na deni. Gawanyeni, hata kama fungu la uzee ni dogo, lisikose mwezi.

Makaratasi

Mtu akifariki, sehemu nyingi duniani madeni yake yanalipwa kwanza kutoka kwenye mali aliyoacha, kinachobaki ndio wanarithi, na Kurani nayo inaweka deni na wosia mbele ya kugawa mirathi. Warithi kwa kawaida hawalipi kwa mifuko yao kama hawakusaini au kudhamini, ila sheria zinatofautiana kwa hiyo ulizeni mwanasheria wa mahali mlipo kabla hamjakubali kulipa deni la marehemu kwa aibu tu. Daftari lenu hapa linakuwa na kazi nyingine, kwa sababu baada ya msiba watu wanaojitokeza kudai huwa wengi kuliko waliokopesha. Kama deni halimo na hakuna karatasi, atalithibitisha mwenyewe.

Andikeni wosia, wote wawili, hata kama mali ni kidogo. Wekeni mahali pamoja orodha ya akaunti, bima, hati, namba za mikataba, na mwenzako ajue zilipo. Sio lazima namba za siri ziandikwe humo ila ijulikane kitu kipo.

Na kila mwezi dakika 30 za kufungua daftari, salio jipya la kila deni, akiba imefika wapi, basi. Mara moja kwa mwaka mkae kirefu kidogo na siku hiyo mtoe fomu zote za bima na pensheni muangalie majina ya wanufaika. Sehemu nyingi hela inalipwa kwa jina lililoko kwenye fomu bila kujali wosia unasema nini, kwa hiyo fomu uliyojaza ukiwa bado hujaoa ikiwa ina jina la kaka yako, hela inaenda kwa kaka na mkeo anaanza kuomba. Mkikuta jina la zamani libadilishwe wiki hiyo hiyo, na mchukue nakala yenye muhuri.